Sikio ni Shahidi

Katika milango mitano ya fahamu, sikio ndilo lisilo na komeo. Jicho hufumbwa, kinywa hufungwa, mkono hukunjwa. Sikio hubaki wazi usiku na mchana, na kila apitaye huingia bila ya kubisha hodi. Kwa kuwa hupokea wageni wote, tumezoea kudhani kuwa linawajua wote. Insha hii ni ungamo la mtu aliyeliamini sikio lake kupita kiasi. Alilikalisha katika kiti cha hakimu, likamfedhehesha. Akaliteremsha kizimbani kuwa shahidi, likamfaa.

Jambo lililonifikisha kwenye ungamo hili ni dogo kwa sura. Nilitaka kuchagua programu ya kompyuta ya kuchezea muziki nyumbani, iliyo bora kupita nyingine kwa uzuri wa sauti. Programu za namna hiyo ni nyingi, na wanaozitetea ni wengi zaidi. Mmoja husema hii ina ulaini, mwingine husema ile ina uwazi, wa tatu huapa kwamba alipobadili programu aliona pazia limeondolewa mbele ya mwimbaji. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Si fundi wa kompyuta wala si mpiga ala. Walakini nilikuwa na haja yangu katika jambo hili, na haja hiyo ilikuwa kubwa kuliko muziki.

Mama yangu alifariki dunia mwaka 2009. Hakuacha mali ya kugombewa. Aliacha kanga zake, ambazo ndugu zangu wa kike waligawana, na kaseti moja. Kaseti hiyo ilirekodiwa nyumbani kwetu Tanga mwaka 1987. Mjomba wangu alikuja na redio mpya yenye kinasa sauti, akataka kuijaribu. Mama alikuwa ameketi barazani akipepeta mchele, huku akiimba nyimbo ambazo wanawake wa mtaani kwetu waliziimba kazini na arusini. Mjomba akabonyeza vifungo viwili, akanyamaza. Mama hakutambua mpaka upande wa kwanza ulipokwisha. Zilikuwa dakika thelathini, na katika ulimwengu mzima hizo ndizo dakika pekee ambamo sauti yake imebaki.

Mwaka 2011 niliiazima kaseti kwa dada yangu mkubwa, ambaye ndiye mtunzaji wake, nikaipeleka katika duka moja mjini lililohamisha kaseti kuwa faili za kompyuta. Walinipa diski, wakaniambia kwamba sauti imehamishwa na kusafishwa. Neno kusafishwa lilinipendeza. Niliirudisha kaseti kwa dada, nikaitia diski katika mtoto wa meza, na kwa miaka mingi sikuwa na ujasiri wa kuisikiliza mara ya pili.

Miaka michache iliyopita nilijipatia vyombo vizuri: spika mbili, kikuza sauti, na kigeuzi kidogo ambacho hupokea tarakimu kutoka kwenye kompyuta na kuzigeuza kuwa umeme wa sauti. Nikaona wakati umefika. Nikafunga mlango wa chumba changu cha kusomea, nikaifungulia sauti ya mama. Iliyotoka ilikuwa sauti yake, na haikuwa sauti yake. Maneno yalikuwa yake, mahadhi yalikuwa yake, lakini aliimba kama mtu aliyemo ndani ya mtungi. Hapakuwa na baraza, hapakuwa na mchana, hapakuwa na pumzi. Nikasema moyoni, vyombo hivi ni vizuri. Basi kosa limo katika programu. Hivyo ndivyo safari yangu ilivyoanza, na ilianza kwa kupotea njia.

Msomaji asiyependa ufundi na anistahimilie kidogo, kwa maana bila ya kuijua kazi ya programu hatuwezi kuihukumu. Sauti ikiingizwa katika kompyuta hupimwa mara nyingi sana katika kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu. Katika diski ya CD, ambayo ilianza kuuzwa Ujapani mwaka 1982, sauti hupimwa mara 44,100 kwa sekunde upande wa kushoto, na mara hizo hizo upande wa kulia, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Ukizidisha utapata biti 1,411,200 kwa sekunde moja. Vipimo hivyo hutosha kuhifadhi mitetemo inayopita kidogo 20,000 kwa sekunde, na huo ndio mpaka wa juu wa sikio la kijana mwenye afya. Mpaka huo hushuka kadiri miaka inavyopanda. Mtu wa makamo kama mimi ameuaga zamani.

Kwa kuwa tarakimu hizo ni nyingi, wataalamu walitafuta njia za kuzipunguza. Njia ni za aina mbili. Ya kwanza hutupa kile ambacho sikio halitazamiwi kukisikia. Maarufu yake ni MP3, ambayo sehemu kubwa ya kazi yake ilifanywa Ujerumani, na jina hilo la faili lilichaguliwa mwaka 1995. Ya pili haitupi kitu. Hukunja tarakimu kama nguo zikunjwavyo katika sanduku, na zikikunjuliwa hutoka kama zilivyoingia. Maarufu yake ni FLAC, kazi iliyoanzishwa na Josh Coalson, ikatolewa rasmi mwaka 2001. Faili ya MP3 ya biti 128,000 kwa sekunde ni sehemu moja tu katika kumi na moja ya tarakimu za CD. Faili ya FLAC aghalabu huwa nusu yake, au zaidi ya nusu.

Sasa programu ya kuchezea muziki ni nini? Ni tarishi. Huifungua faili, huzikunjua tarakimu, huzipeleka kwenye kigeuzi kwa wakati wake. Tarishi mwema haifungui barua ya watu akaongeza salamu zake. Lakini njiani pana ofisi moja. Mfumo unaoendesha kompyuta hukusanya sauti za programu zote, hulinganisha vipimo vyake, huzichanganya pamoja, ili wimbo na kengele ya barua pepe viweze kusikika kwa wakati mmoja. Katika kuchanganya huko tarakimu zaweza kuandikwa upya. Tangu Windows Vista ya mwaka 2007, programu yaweza kuomba njia ya peke yake mpaka kwenye kigeuzi, ikapita bila ya kuguswa. Wapenda sauti huisifu sana njia hiyo, na kwa nadharia wana haki.

Matarishi hawa wana historia yao. Winamp ilitoka mwaka 1997, na mwanzilishi wake, Justin Frankel, alikuwa hajatimiza miaka 20. VLC ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo cha École Centrale Paris huko Ufaransa, na tangu mwaka 2001 kila mtu anaruhusiwa kuusoma na kuubadili ufundi wake wa ndani. Sifa yake kubwa ni kucheza karibu kila namna ya faili. Mwaka 2002 Peter Pawlowski alitoa foobar2000, ambayo sura yake ni kavu kama daftari la karani, lakini mwenye subira huweza kuipanga apendavyo. Roon, iliyotoka mwaka 2015, huuzwa. Huhudumia vyumba vyote vya nyumba, na huufungamanisha wimbo na habari za waimbaji na watunzi wake. Nimezitaja kwa kuzitambulisha, si kwa kuzishindanisha.

Shindano langu lilikuwa na programu tatu. Ya kwanza ilikuwa foobar2000, ambayo hupatikana bure. Ya pili ilikuwamo katika kompyuta yangu tangu siku niliyoinunua. Ya tatu niliinunua kwa fedha ambayo mke wangu alikuwa amekwisha kuipangia kazi nyingine. Majina ya hizi mbili nitayasitiri, kwa sababu makosa nitakayoyasimulia yalikuwa yangu na si yao.

Kwa wiki sita nilisikiliza kila usiku, nikaandika daftarini. Sikupungukiwa na maneno ya sifa. Maneno hayo ndiyo riziki yangu. Juu ya programu ya pili niliandika: nyembamba, ina haraka, haina adabu. Juu ya ya kwanza niliandika: safi, mwaminifu, lakini mkavu kidogo. Juu ya ya tatu niliandika: pana, ina kina, ina utulivu; mama amesogea mbele hatua moja. Leo nikiyasoma maneno hayo naona haya. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na kipya kilichonunuliwa kwa fedha nyingi huwa kinyemi mara mbili, kwa kuwa mwenye kukinunua huogopa kuitwa mjinga, hata na nafsi yake mwenyewe.

Mke wangu alisikiliza usiku mmoja, akatikisa kichwa. "Baba watoto," aliniambia, "mimi nasikia wimbo ule ule." Nilimjibu kwa upole wenye kiburi kwamba sikio hufunzwa kama ulimi ufunzwavyo. Akasema, "Basi jifunze huku umefumba macho." Aliyasema hayo akitoka, wala hakujua kwamba alikuwa ametamka kanuni ambayo wapimaji wa sauti waliiweka kabla yeye hajazaliwa: anayehukumu sauti asijue ni ya nani.

Nikakubali mtihani. Binti yetu, ambaye alikuwa kidato cha tatu, aliketi kwenye kompyuta nyuma ya pazia. Mimi nilikaa mbele nikiwapa kisogo yeye na pazia. Alirusha sarafu. Ikianguka mwenge, alicheza kwa programu ya kwanza. Ikianguka kichwa, kwa ya tatu. Mimi kazi yangu ilikuwa kusema ni ipi. Tulifanya hivyo mara 16, kwa kipande kimoja cha taarabu na kwa wimbo mmoja wa mama. Nilipatia mara 13. Mtu anayebahatisha hupata 13 au zaidi takriban mara moja tu katika mia. Nilisimama kama mshindi wa ngalawa. Nilimtazama mke wangu kwa jicho ambalo sasa natamani nisingemtazama kwalo.

Furaha hiyo iliishi siku nne. Siku ya tano nilimsimulia rafiki yangu, mwalimu wa uhandisi wa umeme, tukinywa kahawa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja tu: "Daktari, ulipima nguvu ya sauti zote mbili?" Nikamwambia sikupima, ila zilikuwa sawa kwa sikio. Akacheka. "Sikio ndilo linaloshitakiwa," alisema, "nawe umeliita kuwa mizani?"

Alikuja nyumbani jioni hiyo na mita ya umeme. Tulicheza mlio mmoja usiobadilika kwa programu zote mbili, akapima pale umeme unapotoka kwenye kigeuzi. Kwa programu ya kwanza mita ilisoma volti 1.00. Kwa ya tatu ilisoma volti 1.19. Tofauti hiyo ni desibeli moja na nusu. Tukaitafuta sababu, tukaiona: katika mipangilio ya programu ya tatu palikuwa na kitelezo cha nguvu ya sauti, nami nilikuwa nimekipandisha mwenyewe siku ya kwanza, nilipokuwa nikigusa kila kitu kama mtoto aliyepewa saa. Ule upana, kile kina, ile hatua moja aliyosogea mama, vyote vilikuwa kitelezo kimoja kilichosahauliwa.

Hapa pana jambo la ajabu ambalo kila msikilizaji apaswa kulijua. Sauti ikizidi sana, sikio husema imezidi. Ikizidi kidogo tu, kwa desibeli moja au chini yake, sikio halisemi imezidi. Husema imekuwa nzuri. Mwaka 1933 Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa Marekani, walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo sikio hupoteza sauti nene kuliko nyingine. Basi ukiipandisha kidogo, unene hurudi, na msikilizaji hudhani amepewa kitu kipya. Tulifundishwa kuwa debe tupu haliachi kuvuma. Hatukufundishwa kuwa debe likivuma kidogo tu, wengi tutasema limejaa.

Tulikiteremsha kitelezo mpaka mita ikasoma sawa, tukarudia mtihani kwa sarafu ile ile na pazia lile lile. Mara 16, nikapatia mara 8. Sarafu yenyewe, kama ingalikuwa na kinywa, ingalijibu vizuri kama mimi. Tulijaribu na ya pili dhidi ya ya kwanza, nikapatia mara 9. Binti yangu aliniuliza kwa huruma kama nilikuwa nimechoka. Nilitamani kusema ndiyo.

Rafiki yangu hakuniacha hapo. Alizinasa tarakimu zilizotoka katika programu ya kwanza na ya tatu, kwa wimbo mmoja, zote zikipita njia ya peke yake, kabla hazijafika kwenye kigeuzi. Kisha akageuza moja juu chini, kila kilima kikawa bonde na kila bonde likawa kilima, akazijumlisha. Sauti zikiwa sawa sawa, kilima hujaza bonde na hakibaki kitu. Tukafungulia jumla hiyo. Spika zilikaa kimya. Tukapandisha nguvu mpaka mwisho; zikakaa kimya. Dakika nne za wimbo zilikuwa sifuri tupu. Katika maisha yangu sijapata kusikiliza ukimya wenye hoja nzito kama ule. Matarishi wawili, mmoja wa bure na mmoja wa bei, walileta barua moja isiyopungua nukta.

Usiku ule sikulala mapema. Sikuhuzunika kwa fedha, ingawa ilistahili huzuni. Nilimkumbuka mwanafunzi wangu mmoja. Aliandika tasnifu juu ya tungo za Mombasa za karne ya kumi na tisa, akadai kwamba shairi fulani lisilo na jina la mtunzi ni la Muyaka bin Haji. Nilipomwuliza hoja yake, alisema shairi hilo linanukia Muyaka. Nilimrudishia kazi yake na maneno matano ya wino mwekundu: Harufu si ushahidi wa kitaaluma. Alihangaika miezi mitatu akitafuta miswada, vina, lahaja na matukio ya wakati, na mwishowe akaandika kwa unyenyekevu kwamba jambo hilo halikuthibitika. Nilimpa alama za juu kwa sababu ya neno lile, halikuthibitika. Na mimi, msahihishaji wake, nilikuwa nimejaza daftari zima harufu.

Sikio halipiti kichwa, walisema wazee. Mimi nimelielewa neno hilo kwa namna mpya. Hatusikii kwa sikio peke yake. Tunasikia kwa bei tuliyolipa, kwa sifa tulizosoma, kwa kiburi chetu na kwa matumaini yetu. Hili si kosa la sikio. Shahidi hana kosa akiulizwa swali baya. Hakimu ndiye mwenye kosa, akiacha kumwuliza shahidi: ulikuwa wapi, palikuwa na mwanga gani, nani alikuambia kabla hujaona?

Je, basi programu zote ni sawa, na kuchagua ni upuuzi? Hasha. Zinatofautiana, ila si pale nilipokuwa nikitazama. Katika kupeleka tarakimu salama, programu iliyoandikwa vizuri na kupangwa vizuri ni sawa na mwenzake. Katika kumhudumia msikilizaji, zinapitana sana.

Mfano wa kwanza ni ukimya kati ya nyimbo. Ninayo nakala ya wimbo wa Umm Kulthum, Enta Omri, ambao Mohammed Abdel Wahab aliutia mahadhi na ambao ulitoka mwaka 1964. Huchukua karibu saa nzima, na nakala yangu imekatwa sehemu tatu. Moja katika programu zangu iliingiza kimya cha nusu sekunde kila ilipotoka sehemu moja kwenda nyingine, katikati ya makofi, kana kwamba ukumbi mzima wa Cairo umekatwa koo kisha ukafufuka. Nyingine iliunganisha sehemu hizo bila ya mshono. Tofauti hiyo haihitaji pazia wala sarafu, mtoto huisikia.

Mfano wa pili ni kusawazisha nguvu za nyimbo. Santuri iliyohamishwa na rekodi ya jana hazilingani kwa nguvu, na msikilizaji hushinda akiinuka na kukaa. Mwaka 2001 David Robinson alipendekeza njia iitwayo ReplayGain, ambayo hupima kila faili na kuandika pembeni yake kiasi cha kuipunguza au kuiongeza, bila ya kuigusa sauti yenyewe. Programu inayoisoma alama hiyo humpumzisha mwenye nyumba, na pia humkinga na ile hila ya debe niliyoieleza.

Mfano wa tatu ndio ulionigusa zaidi kwa kazi yangu: namna ya kuorodhesha. Programu nyingi zimeandaliwa kwa desturi ya nchi ambako wimbo una msanii mmoja na albamu moja. Taarabu yetu haikukatwa kwa kipimo hicho. Wimbo una mtunzi wa maneno, una mtia mahadhi, una mwimbaji, na una chama, kama Ikhwani Safaa cha Unguja kilichoasisiwa mwaka 1905, au Culture Musical Club cha mwaka 1958. Nani kati yao aandikwe msanii? Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928 hapakuwa na albamu. Palikuwa na santuri, na kila upande ulichukua kama dakika tatu. Programu inayomruhusu mwenyewe kujiundia safu za mtunzi, za chama na za mji hulinda historia. Isiyoruhusu hulazimisha watu watatu wafe ili mmoja aitwe msanii. Katika hili foobar2000 ilinifaa kuliko zote, pamoja na ukavu wa sura yake.

Lakini hayo yote hayakumrudisha mama. Programu tatu, sauti moja, na sauti hiyo imo mtungini. Nilimpigia dada simu, nikamsimulia habari za sarafu na volti. Alinisikiliza kwa uvumilivu wa dada mkubwa. Kisha akasema, "Mdogo wangu, wewe humsikilizi mama. Unaisikiliza kompyuta. Mama yuko huku kabatini kwangu. Njoo umchukue."

Nilikwenda Tanga Ijumaa iliyofuata. Kaseti ilikuwa imefungwa katika kipande cha kanga, ndani ya bati la biskuti, mahali pakavu. Nilirudi nayo nikiwa nimeishika mapajani njia nzima. Rafiki yangu aliazima dekki nzuri ya kaseti, akasafisha kichwa chake kwa spiriti, akakielekeza upya kwa bisibisi ndogo mpaka sauti nyembamba zilipofunguka. Kwa maana kichwa kikikaa upande kidogo tu na utepe, sauti hizo hufa kwanza. Tukaihamisha mara moja kwa FLAC. Aliniuliza kama nataka tusafishe mvumo wa utepe. Nilisema, tusiguse kitu.

Sauti ilipotoka, niliijua kabla ya neno la kwanza, kwa pumzi. Mvumo wa utepe ulikuwapo, kama upepo wa mbali. Ndani ya mvumo huo palikuwa na baraza letu: jogoo, baiskeli iliyopita, mtoto aliyekohoa ambaye yamkini ni mimi. Na chini ya sauti ya mama, kwa mapigo yaliyofuata wimbo, palikuwa na mchakacho wa namna moja, ukienda na kurudi. Binti yangu aliinua kichwa. "Baba, hiyo shaa, shaa ni nini?"

"Ni mchele," nikamwambia. "Bibi yako anapepeta."

Hapo nilielewa yote. Karlheinz Brandenburg, mmoja wa waundaji wa MP3, alipoiboresha kazi yake alitumia Tom's Diner, wimbo alioimba Suzanne Vega bila ya ala, kwa sababu sauti ya mtu mmoja iliyo uchi ni mtihani mgumu. Mwanzoni nilidhani MP3 ya duka ndiyo iliyomwua mama. Nikafanya faili mpya ya MP3 kutoka katika uhamisho wetu, kwa biti zile zile 128,000. Iliteleza hapa na pale, lakini mchele ulikuwapo. Mwuaji lilikuwa lile neno lililonipendeza, kusafishwa. Kifaa kilichosafisha kiliambiwa kiondoe mvumo. Mvumo wa utepe na mchakacho wa mchele katika ungo hufanana. Havina noti, havina neno, ni vipande elfu vya sauti visivyo na mpango. Kikaviondoa vyote viwili, na pumzi zikaenda navyo. Mapigo ya wimbo yalikuwa katika ungo. Mama alikuwa ameimba na ala, nami miaka yote niliyoiweka ile diski nilikuwa nimehifadhi wimbo ulionyang'anywa ala yake.

Tulizisikiliza dakika zile thelathini kwa programu ya bure. Sikuandika chochote daftarini.

Mchagua jembe si mkulima, nayo methali hii yanihusu. Lakini mkulima naye hulima kwa jembe, na anayetaka shauri langu juu ya majembe haya nitampa, kwa ufupi. Anza na chanzo: hakuna tarishi awezaye kuleta neno ambalo mwandishi amelifuta. Hifadhi kwa njia isiyotupa kitu, na uiache asili yake bila ya kusafishwa, hata kama utafanya nakala iliyosafishwa pembeni. Chagua programu kwa utumishi wake: haikati makofi, husawazisha nguvu, huandika majina ya watu wote wanaostahili kuandikwa. Ukidhani moja ina sauti nzuri kuliko nyingine, linganisha nguvu kwa mita, fumba macho, urushe sarafu. Na ukishindwa, sema halikuthibitika, na neno hilo lisikuonee haya. Kisha funga daftari, ukasikilize.

Kaseti nimeirudisha kwa dada, katika kanga yake na bati lake. Aliniuliza kama sasa imekuwa nzuri. Nikamwambia ilikuwa nzuri siku zote. Sisi ndio tuliokuwa tukiiosha.